Siku ya tatu ya Djugu si Jumatatu

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Ufundi ya CLDR, Shirika la Unicode,

Tunawaandikia ninyi kutoka Djugu, kaskazini mwa Bunia, kwa sababu mnatunza hazina ya majina ya siku, miezi na mpangilio wa tarehe ambamo simu na kompyuta nyingi duniani huchota.

Kwetu siku huhesabiwa kuanzia ile inayofuata siku ya yenga, yaani Jumapili, siku ya ibada. Hiyo ndiyo siku ya kwanza; siku ya tatu ni merkredi, yaani Jumatano. Watu wa pwani huanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu yao ndiyo siku yetu ya kwanza. Mama wa Tchomia akipata ujumbe wa kumleta mtoto kwa chanjo Jumatatu, akasikia ile "tatu", atafika siku mbili baadaye na mtoto mgongoni. Kosa si lake.

Katika hazina yenu, msimbo wa lugha swc, uliokuwa wa Kiswahili cha Kongo, sasa unaelekezwa kwenye sw-CD, yaani Kiswahili kimoja chenye alama ya nchi yetu. Umoja huo hatuupingi. Lakini Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na Kiswahili hicho ni pamoja na hiki kinachosemwa sokoni Iga Barrière. Je, majina yetu ya siku yatapata nafasi humo, walau kama chaguo?

Lipo pia suala la tarehe. Shuleni, kwa Kifaransa, tulifundishwa kutanguliza siku: 04/05 ni tarehe nne mwezi wa tano. Programu iliyoachwa kwenye Kiingereza cha Marekani huisoma 5 Aprili. Tunaomba muwahimize watengenezaji waandike mwezi kwa herufi kwenye kadi za hospitali na karatasi za mahakama.

Mwisho, kura zinazoamua maneno ya hazina hiyo. Katika utaratibu wenu, kura ya mgeni asiye na shirika ina uzito mdogo kuliko ya mtaalamu wa shirika mwanachama. Mwalimu wa Bunia hana shirika la kumsimamia. Nani, basi, anamsemea? Tunaomba mtueleze njia ambayo walimu wetu wanaweza kufuata ili neno lao lihesabiwe.

Jibu lenu, kwa Kiswahili au Kifaransa, tutalichapa lote.

Wenu kwa heshima,
Wahariri