Mto mmoja, sheria tofauti: Wapi pa kuvua kihalali mkoani Mara?

MVUA za masika zinapojaza Mto Mara, ningu huacha ziwa na kupanda mtoni kwenda kutaga mayai. Kambale na kamongo nao hutawanyika kwenye mabwawa ya matete. Huo ndio wakati ambao mkulima wa Butiama anayesubiri mahindi yake yakomae huona samaki wakirukaruka karibu na shamba lake, naye akafikiria kutafuta kitoweo na fedha ya mbolea.

Wengi hujiuliza kama samaki wapo. Swali linalowagharimu watu mtaji ni jingine kabisa: je, maji hayo yanaruhusiwa kuvuliwa, kwa chombo gani, na kwa karatasi ipi?

Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama zimezungukwa na maji. Upande wa magharibi lipo Ziwa Victoria, kaskazini kuna Mto Mara na ardhi oevu yake, na kusini, upande wa Bunda, iko Ghuba ya Speke. Ndani ya vijiji kuna malambo ya kunyweshea mifugo. Mgeni akitazama ramani atadhani popote penye maji ni pa kuvua. Ukweli ni kwamba kila maji yana mlinzi wake na sheria yake.

Mto Mara ni mfano mzuri. Mto huo wenye urefu wa takriban kilomita 395 unaanzia nchini Kenya, unapita Maasai Mara, unakata kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unatoka kwenye maeneo ya vijiji na kumwaga maji yake ziwani baada ya kupita chini ya Daraja la Kirumi. Maji ni yale yale na samaki ni wale wale. Lakini mtu anayevua kwa leseni katika eneo la vijiji ni mvuvi, na anayevua bila kibali ndani ya hifadhi ni mtuhumiwa.

Upinde ni silaha

Hapo ndipo wanapoumia wanaopenda kuvua kwa mkuki au kwa upinde na mishale. Nchini Marekani kuna majimbo yanayoruhusu samaki aina ya kapi kulengwa kwa mishale, kwa kuwa huko ni samaki mgeni anayeharibu maji. Ningu wa Mto Mara ni wa ukoo mmoja na kapi huyo, lakini hali yake ni kinyume kabisa. Yeye ndiye mwenyeji, na ndiye aliyepungua.

Ndani ya hifadhi ya taifa, upinde na mishale haihesabiwi kuwa zana ya kuvulia. Ni silaha, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa hata kama mwenye nayo hajaua samaki wala mnyama. Mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yanayopakana na Serengeti, nayo yana ulinzi wake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kijana anayefuata mto juu akiwinda kambale anaweza kuvuka mpaka bila kujua, na maelezo kwamba alifuata samaki hayatamsaidia sana.

Mipaka yenyewe nayo husogea. Kata ya Nyatwali wilayani Bunda, iliyo kando ya Ghuba ya Speke, ilikuwa makazi ya wakulima, wafugaji na wavuvi. Katika miaka ya karibuni serikali iliamua kuitwaa ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani, na wakazi wakatakiwa kuhama kwa kulipwa fidia. Aliyezoea kushusha mtumbwi huko hawezi kutegemea mazoea ya baba yake. Lazima aulize upya.

Ziwani nako kuna masharti

Kwa mwenye nia ya kuvua kwa biashara, ziwa ndilo lango lililo wazi zaidi. Uvuvi husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ambazo zilirekebishwa mwaka 2020. Mvuvi anahitaji leseni na chombo chake kinatakiwa kusajiliwa. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, na kwenye mwalo wenyewe ni kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU.

Leseni haihalalishi kila zana. Kokoro, timba, katuli, nyavu za plastiki, sumu na baruti vimepigwa marufuku. Sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Mfanyabiashara mdogo wa Mwigobero mjini Musoma asidhani kwamba hayo ni ya wavuvi peke yao, maana anayenunua, kusafirisha au kuuza samaki wachanga naye anashitakiwa. Katika operesheni ya mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi ziliteketezwa kwa moto kandokando ya Ziwa Victoria, na watu walitozwa faini zilizomaliza mitaji yao.

Aidha, yapo maeneo ya mazalia yaliyotengwa, ambayo mara nyingi ni midomo ya mito na ghuba zenye matete. Katazo hilo lina sababu. Katikati ya karne iliyopita, uvuvi wa ningu katika Ziwa Victoria uliporomoka baada ya nyavu kutandazwa kwenye midomo ya mito na kuwakamata samaki waliokuwa wakipanda kutaga. Aliyevua siku hizo alipata faida ya msimu mmoja, na watoto wake wakakosa samaki wa miaka mingi.

Hata maji halali yanaweza kufungwa ghafla. Machi 2022, maji ya Mto Mara eneo la Kirumi yalibadilika rangi na samaki wengi wakafa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo na samaki wake wakati uchunguzi ukiendelea. Kamati iliyoundwa ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo kuwa chanzo, maelezo yaliyopokewa kwa mashaka na wananchi wengi. Kwa mchuuzi wa samaki, fundisho lilikuwa moja: asiyesikiliza matangazo ya wilaya anaweza kununua mzigo usiouzika.

Maji yasiyo na mgogoro

Kwa mkulima anayeishi mbali na ziwa, maji yaliyo salama zaidi kisheria ni yale atakayoyachimba mwenyewe. Bwawa la mita 10 kwa 20 lina eneo la mita za mraba 200. Kwa kupandikiza vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, mkulima atahitaji vifaranga 600 vya sato, na akiwalisha vizuri anaweza kuanza kuvuna baada ya miezi sita hadi minane. Hapo atavua kwa ndoano au kwa wavu, saa anayotaka.

Hata hivyo, bwawa nalo lina taratibu. Anayechepusha maji ya mto anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Lambo la kijiji ni mali ya wote, hivyo kuvua humo kunataka ridhaa ya serikali ya kijiji. Na hairuhusiwi kujiletea samaki wageni kiholela. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, kapi waliotoroka kwenye mabwawa ya wafugaji waliingia ziwani, na baada ya miaka michache ndio waliojaa kwenye nyavu za wavuvi.

Ni wazi kwamba mzigo wote hauwezi kubebeshwa mwananchi. Mvuvi mdogo anaambiwa kutojua sheria si utetezi, wakati mpaka wa eneo la mazalia haumwonyeshi alama yoyote majini, na kanuni zenyewe zinabadilishwa bila kumfikia. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zingepunguza kesi nyingi kwa kubandika kila mwaloni na kila ofisi ya kata ramani ya maeneo yaliyofungwa, orodha ya zana zinazoruhusiwa na ada ya leseni. Gharama ya kibao ni ndogo kuliko gharama ya operesheni.

Mpaka hilo litakapofanyika, anayetaka kuingia katika shughuli hii aanze na miguu kabla ya mkoba. Aende kwa ofisa uvuvi akaulize mambo matatu: eneo, zana na leseni. Anayekusudia kutumia mkuki au mshale aeleze hivyo waziwazi, na aombe jibu kwa maandishi. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo. Wavu uliochomwa moto haurudi.