Huu ugonjwa wa 777 mtatuua nao

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kantini. Nina hasira.

Juzi kazi ya kundi letu ilifutika kwenye seva ya idara. Siyo virusi. Mwenzetu mmoja (jina namhifadhia) aliona kurasa zetu zinagoma kufunguka, seva inadai hakuna ruhusa. Akamuuliza kaka mmoja wa mwaka wa tatu, akajibiwa lile jibu la kila siku: "Piga chmod -R 777, yataisha." Yakaisha kweli, na faili nazo zikaisha. Jamaa wa kundi jingine alikuwa anasafisha vitu vyake, akakosea folda, akatupa rm yake kwetu. Asubuhi folda ipo, ndani upepo.

Jamani, ile namba siyo dawa! Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine wote. Kwa hiyo 777 maana yake kila mwenye akaunti humo ndani anafanya atakalo. Ukurasa ulihitaji kusomwa tu. Folda 755, faili 644, basi. Na kama mko wengi mnaoandika, mwombeni msimamizi awatengenezee kundi, folda iwekwe 2770, kila faili mpya itaingia kwenye kundi hilo yenyewe.

Kuna wajanja wanasema, "Mimi faili zangu nimezifunga, folda tu ndiyo iko wazi." Wee! Kufuta faili hakuangalii ruhusa ya faili, kunaangalia ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyomo. Folda ikiwa 777, hata faili ya 600 mtu anaifuta. (Usiniambie habari za /tmp, ile ni 1777, hiyo 1 ya mbele ndiyo inazuia watu kufutiana.)

Halafu wale wanaopiga 777 kwenye folda yao ya nyumbani, kesho wanalia SSH imekataa ufunguo wao. Lazima ikatae! Kama kila mtu anaweza kuandika humo, atashindwaje kupachika ufunguo wake?

Eti "sisi wanafunzi, hatuna siri." Nani kazungumzia siri? Nazungumzia wiki tatu za kazi. Na nyie kaka na dada zetu wa juu, mnaogawa hiyo komandi kama pipi, mbona hamuulizi kwanza ls -l inaonyesha nini? Sekunde mbili tu!

Kuwasilisha ni Ijumaa. Nilikuwa na nakala ya zamani kwenye flashi, nusu ya kazi haimo. Anayejua kuchapa haraka anikute maabara usiku huu, chai juu yangu.