Gama za Kwasari Zinamhusu Nini Mtu wa Nkome?

Wadau, juzi usiku nilikuwa mwaloni Nkome. Ziwa zima taa za wavuvi wa dagaa, utadhani mji umeelea. Nikamwambia rafiki yangu kwamba kuna galaksi za mbali, kwasari, zenye shimo jeusi linalorusha mkondo wa chembe kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mkondo huo hutoa miale ya gama, na wataalamu bado wanabishana inatokea sehemu gani hasa. Jamaa akacheka: "Sasa hiyo inamhusu nini mvuvi wa hapa? Waachie Wazungu!"

Nakataa.

Kwanza, historia. Miale ya gama kutoka angani huishia kwenye angahewa, hivyo anayetaka kuinasa yenyewe lazima apande juu. Tarehe 15 Novemba 1972, SAS-2, setilaiti ya Marekani ya kupima gama, ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Hapohapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa nyingine ya kupima eksirei. Ikaitwa Uhuru, maana ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wenzetu wakaondoka na takwimu, sisi tukabaki na jina.

Mnakumbuka 2017? Nchi nzima ilijifunza neno makinikia, tukapiga kelele kuhusu mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi. Sawa. Lakini takwimu za Fermi, darubini ya gama iliyorushwa 2008, ziko wazi kwenye intaneti, bure. Hapa hakuna kontena lililofungwa, wala wa kumlaumu bandarini.

Na kazi ipo. Juni 2015, gama za kwasari 3C 279 zilipanda na kushuka ndani ya dakika chache. Kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwa hiyo wengine wanasema chanzo kiko karibu na shimo jeusi. Lakini huko kuna mwanga mwingi wa mawingu ya gesi, ambao ungezimeza gama kali kabla hazijatoka. Basi wengine wanasema chanzo kiko mbele sana kwenye mkondo. Na ni elektroni zinazoupa mwanga nguvu mpaka uwe gama, au ni protoni? Nyutrino iliyonaswa Ncha ya Kusini tarehe 22 Septemba 2017, kutoka upande wa TXS 0506+056, jamaa wa kwasari, iliwapa nguvu watu wa protoni. Ubishi haujaisha.

Sasa niambieni: taa ile inayometameta gizani iko karibu au mbali? Mtoto wa Nkome amejiuliza hivyo tangu akiwa mdogo. Swali analo. Tunachomnyima ni mwalimu wa fizikia, kompyuta, na mtu wa kumwambia kwamba linamhusu.

Anayesema "waachie Wazungu" anasafirisha makinikia mengine: akili za watoto wetu. Anayebisha na aseme!