Kwa Nini Bado Natumia Skrini Nyeusi

Nikifungua ile skrini nyeusi mbele ya mteja, karibu kila mara naulizwa: "Kijana, hii si ni ya zamani?" Wengine hunitazama kana kwamba navunja benki ya mtu. Basi leo acheni niseme kwa nini seva za biashara ninazotunza kati ya Thika na Ruiru bado naziendesha kwa kuandika amri badala ya kubofya. Na nitasema pia nilipokosea, maana nilikosea vibaya.

Mwaka 2008 nilikuwa natunza mfumo wa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi. Duka Thika, ghala Ruiru. Stoo, ankara, madeni, kila kitu kilikuwa kwenye seva moja iliyokaa ghalani chini ya meza, jirani na mifuko ya simiti. (Vumbi la simiti na feni ya kompyuta, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Seva ilikuwa ya Linux, lakini nilikuwa nimeiwekea madirisha na aikoni ili Mzee mwenye duka aone amenunua kitu cha maana.

Siku hizo nyaya za baharini hazikuwa zimefika. SEACOM ilianza kazi Julai 2009; kabla ya hapo intaneti yetu ya kwenda nje ilipitia setilaiti. Setilaiti iko kilomita 36,000 hivi juu yetu, kwa hivyo swali kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde, hata ufanyeje. Sasa, ile programu niliyotumia kuona skrini ya Ruiru nikiwa Thika ilipitisha picha kwenye seva iliyokuwa Ulaya. Yaani mashine ambayo ningeifikia kwa matatu moja, picha yake ilipanda angani, ikaenda Ulaya, ikapanda tena, ndipo ikanishukia mimi.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi nilibofya kitufe. Kimya. Nikabofya tena. Kumbe kitufe kilikuwa kimeitika zamani, na palepale kilipokuwa limefunguka dirisha la kuuliza kama nina hakika nataka kufunga mwezi. Nikawa nimejibu ndiyo bila kuliona swali. Nilibofya picha ya kitu ambacho hakikuwepo tena. Mwezi ukafungwa na ankara za siku mbili zikiwa nje. Mzee hakunifokea. Alininyamazia tu, na hilo ni baya zaidi.

Tangu siku hiyo nikahamia SSH, kazi ya Mfini Tatu Ylönen ya mwaka 1995. Hapo kinachosafiri ni herufi tu. Mtandao ukiwa mbovu unangoja, ndiyo, lakini unakisoma ulichoandika chote kabla ya kubonyeza Enter, na hakuna kitu kinachohama chini ya kidole chako. Laini ikikatika au stima ya Thika ikipotea, kuna programu iitwayo screen inayoshikilia kazi kule Ruiru mpaka urudi.

Mafundi wenzangu husifu amri za kuandika kwa sababu ya kasi. Mimi kasi hainihusu sana. Sababu yangu ni simu.

Jumamosi moja nilikuwa mazikoni Murang'a, sina kompyuta, na karani wa ghala akapiga: printa imegoma, wateja wamejaa. Jaribu kumwelekeza mtu madirisha kwa simu. "Mama, bofya ile ya kijivu." "Fundi, zote ni za kijivu." Lakini maandishi anayasoma neno kwa neno, na wewe unamtajia herufi kwa herufi. Taabu yetu ilikuwa moja tu: L na R. Nilisema "L ya Limuru", na kwa ulimi wangu wa nyumbani yeye akasikia Rimuru. Tukacheka, tukaanza upya, printa ikaamka.

Sasa kosa langu. Siku nyingine diski ilijaa, nikamwambia kwa simu afute nakala za zamani. Amri ilikuwa `rm -rf /nakala/zamani`. Nilipofika baada ya neno nakala nikavuta pumzi, naye akaweka nafasi: `rm -rf /nakala /zamani`. Amri hii haiulizi kitu. Nakala zote za akiba zikaenda. Aliandika nilichosema, ile nafasi ilikuwa pumzi yangu. Bahati ni kwamba data yenyewe haikuguswa, na Mzee alikuwa na CD moja kwenye droo yake. Madirisha yangemuuliza kwanza. Ni kweli hata mimi niliulizwa na nikajibu ndiyo, lakini angalau yangeuliza.

Nikakaa chini nikafikiri. Huyu mama alikuwa akitumia M-Pesa kila siku, iliyoanza Machi 2007, na M-Pesa ilikuwa nini kama si menyu ya maandishi? Chagua, weka kiasi, soma, thibitisha. Nikamwandikia menyu kama hiyo, kwa Kiswahili: 1 chukua nakala ya leo, 2 angalia nafasi ya diski, 3 amsha printa, 4 zima mashine vizuri. Kufuta kukauliza mara mbili. Yeye akayanakili yote kwenye kaunta buku, na maelezo yake mwenyewe pembeni ("ikikataa ngoja dakika tano usimpigie fundi"). Alipoacha kazi 2014, aliyemrithi alifungua kaunta buku na kuendelea.

Wala si sisi maskini wa mtandao tu tuliorudi kwenye amri. Microsoft, wenye madirisha yao, walitoa PowerShell Novemba 2006. Kwenye Exchange 2007 ulibofya upendavyo, lakini chini kilichofanya kazi kilikuwa PowerShell, na mwishoni ulionyeshwa amri iliyotumika uinakili. Huo ndio ubofyaji ninaoukubali. Windows Server 2008 nayo ungeweza kuisimika bila meza ya aikoni.

Kuna jambo moja linalonisumbua upande wangu. Skrini nyeusi inaweza kumfanya mwenye biashara mateka wa fundi. Nimewahi kurithi seva ambayo kila amri ilikuwa kichwani mwa mtu aliyekwisha kuhamia nchi nyingine. Wapo wanaopenda hivyo, ni mkate wao. Kwangu, amri ambayo haijaingia kwenye kaunta buku ni kazi ambayo sijaimaliza, na simtozi mteja.

Leo Thika na Ruiru zina nyaya za faiba na ile nusu sekunde imekwisha. Siku hizi vitufe huhama kwa sababu nyingine: wenye huduma za mtandaoni hupanga upya kurasa zao, na picha nilizomchapia mteja zinapitwa na wakati. Menyu ya 2008 nimeibadilisha mistari michache tu.

Biashara sasa inaendeshwa na mtoto wa Mzee, naye anataka dashibodi kwenye simu yake. Nitamtengenezea. Grafu ya diski inayojaa inasomeka haraka kuliko tarakimu, hilo sibishani nalo. Lakini itakuwa ya kutazama. Akitaka kubadilisha kitu, kaunta buku iko droo ya juu, ukurasa wa nne.