KILIO HAKITOSHI



Profesa Kä Mana, mwalimu wa teolojia wa Kiprotestanti, alifariki Goma mwezi wa Julai 2021. Vijana wengi walimlilia. Sisi tunasema: machozi peke yake hayatoshi kwa kumkumbuka.

Huyu mzee alifundisha teolojia Kameruni, kisha akaja kuketi na vijana wa Goma kwenye Pole Institute. Hakuwa profesa wa kusema peke yake. Aliwaomba vijana waulize, wabishane, wafikiri. Hata kitabu chake cha 1991, jina lake ni swali: je, Afrika itakufa?

Lakini huku kwetu Masisi na Walikale, vita inatufundisha kumuuliza mtu kabila lake mbele ya kumuuliza jina. Na humu shuleni, saa ya kupumzika, kila kabila liko na mti wake. Je, huko ni kufikiri?

Tunaomba hivi: kila Jumamosi tupewe saa moja ya mazungumzo, tukae tumechanganyika, walimu watusikilize. Rafiki wa vijana anakumbukwa vile. Mungu atusaidie.