Mswaki ukitoka na damu, usiuache

Mwezi uliopita nilikwenda likizo Sibwesa, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambako mdogo wangu wa kiume ni mwalimu. Nilikwenda kupumzika, nimerudi na mada.

Siku ya tatu wifi yangu, mjamzito wa miezi mitano, alinivuta jikoni. "Wifi, mdogo wako siku hizi nikimsogelea anageuza uso. Nahisi ana mtu."

Jioni nikambana bwana mdogo. Akainama. "Dada, hakuna mtu. Mdomo wake unanuka. Sasa nitamwambiaje?"

Jamani! Ndoa inaingia ufa kwa sababu ya fizi.

Kumbe wifi alikuwa akipiga mswaki anatoka damu. Majirani wakamwambia hicho ni kiseyeye, ale malimau na aache mswaki mpaka fizi zipone. Akatii. Miezi miwili anasukutua maji ya chumvi tu.

Hebu tuwekane sawa. Kiseyeye cha kweli huletwa na upungufu mkubwa wa vitamini C. Damu ya kwenye mswaki mara nyingi ina sababu nyingine: utando wa bakteria unaoganda kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na fizi. Usipoondolewa, fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu. Ukikaa, hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuubandua. Ugonjwa ukizama zaidi, hula mfupa unaoshika jino, na mfupa huo kwa kawaida haurudi wenyewe. Jino hulegea, mwisho hung'oka.

Kwa mjamzito, homoni hufanya fizi ziwe nyepesi kuvimba. Mwenye kisukari naye yuko hatarini zaidi. Na ninyi wavuta sigara msijisifu kwamba hamtoki damu: tumbaku huificha damu huku ugonjwa ukiendelea kimyakimya.

Habari njema ipo. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wa watu 12 wenye fizi nzima walioacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia usafi, zikapona. Maana yake, damu haikwambii uache mswaki. Inakwambia usafishe vizuri zaidi.

Basi fanya hivi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, usiku kabla ya kulala usikose. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi. Uinamishe kidogo kuelekea kwenye fizi, usugue taratibu, maana hukwangui sufuria. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Maji ya chumvi hutuliza, lakini hayang'oi ugaga. Damu isipokata baada ya wiki mbili, au ukiona usaha au jino linacheza, muone daktari wa meno.

Wifi tulimpeleka Mpanda mjini, akasafishwa meno. Aliogopa kwa ajili ya mtoto, daktari akamtuliza: kusafisha meno ukiwa mjamzito ni salama, ila mwambie daktari mimba ina miezi mingapi.

Na ninyi wapenzi? Kunyamaza siyo upole. Bwana mdogo alinyamaza kwa mapenzi, mkewe akasoma usaliti. Mwambie mwenzio mkiwa wawili tu, bila utani wala mbele ya mashoga zake: "Mpenzi, naona fizi zako zina shida, twende wote tukapimwe." Neno "wote" ni muhimu, maana na wewe hujui kwako kukoje!

Juzi wifi kanipigia simu. Damu imekata. Nikamuuliza, na mambo mengine je? Akacheka, akakata simu.

Tukutane mwezi ujao. Na leo usiku, mswaki kwanza, busu baadaye.