Ghorofa la Posta si kipimo cha biashara Bariadi

Msimu wa mauzo ukimalizika, wafanyabiashara wengi wa Bariadi hufunga safari ya Dar es Salaam. Wako wanaofuata mali Kariakoo, wako wanaokwenda kuonana na wakubwa wa mabenki, na wako wenye shughuli na mawakala wa forodha bandarini. Zamani mtu alifikia kwa ndugu yake Manzese au gesti ya Kariakoo. Siku hizi wapo wanaofikia kwenye hoteli za ghorofa za katikati ya jiji, zenye lifti ziendazo kimya na dirisha linaloonyesha meli zikiingia bandarini.

Safu hii haina ugomvi na starehe ya mtu. Fedha ni zake na jasho ni lake. Lakini ukurasa huu ni wa hesabu, na hoteli ya ghorofa ina hesabu mbili ambazo mfanyabiashara wa mkoani hana budi kuzijua: ya kwanza ni ya anayelala humo, na ya pili ni ya anayetamani kurudi nyumbani na kujenga ya kwake.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 460,000 kwa usiku. Bei elekezi ya pamba katika msimu wa 2024 ilikuwa shilingi 1,150 kwa kilo, kwa hiyo usiku huo ni sawa na kilo 400 za pamba mbegu. Mkulima wa kawaida wa Simiyu mara nyingi huvuna kati ya kilo 200 na 300 kwa ekari. Yaani mgeni amelalia mavuno ya ekari moja na theluthi hadi mbili, na chakula cha jioni hakijahesabiwa.

Hata hivyo, kwa mfanyabiashara hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu yeye halipi kwa mauzo, analipa kwa faida. Mwenye kuuza mchele na kubakiza shilingi 5,000 kwa gunia atalazimika kuuza magunia 92 ili kurudisha usiku mmoja. Akikaa siku tatu ni magunia 276. Mtu asipoweka wazi hesabu ya namna hii, atarudi Bariadi akilalamika kwamba biashara imekuwa ngumu, kumbe mtaji umebaki mapokezi.

Je, ina maana mfanyabiashara asilale kwenye hoteli hizo kamwe? La hasha. Zipo safari ambazo mnunuzi mgeni amefikia hapo hapo, mazungumzo ni ya siku moja, na mkataba unaotafutwa ni mkubwa kuliko bili. Hapo chumba ni gharama ya biashara kama ilivyo nauli ya lori. Kipimo ni kimoja: kabla ya kuondoka Bariadi, andika kwenye daftari ni kazi gani itakayofanyika kwa sababu umelala pale, ambayo isingefanyika ukilala kwingine. Kama mstari huo unabaki mtupu, basi unachokinunua ni starehe. Kinunue kwa fedha ya starehe, usikichote kwenye mtaji.

Jambo jingine ni risiti. Mwenye kutunza hesabu kamili anaweza kuingiza safari ya kazi kwenye gharama zake mbele ya mamlaka ya kodi, ilimradi awe na risiti ya mashine na sababu ya safari. Anayekadiriwa kodi kwa kiwango cha mauzo hana nafuu hiyo. Kwake shilingi iliyotoka imetoka. Aidha, kanuni zilizoanza Machi 2025 zimezuia bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni. Basi ulizia bei kwa shilingi, kodi ikiwa ndani, kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Nani hasa analipa?

Mgeni wa Bariadi akikaa kwenye ukumbi wa hoteli kama hiyo hudhani amezungukwa na matajiri. Ukweli ni kwamba wengi wa walioko pale hawalipi kwa mifuko yao. Bili inalipwa na shirika, kampuni, ubalozi au wizara. Bei ya chumba imepangwa kwa kumtazama mlipaji huyo, na mwenye duka anayelipa mwenyewe anashindana na mtu ambaye hata hataiona bili.

Udhaifu wa biashara hiyo nao uko hapo hapo. Baada ya 2015, Serikali ya Awamu ya Tano ilibana matumizi, ikaagiza mikutano yake ifanyike kwenye kumbi za umma, kisha wizara zikahamia Dodoma. Hoteli za Dar es Salaam zilizozoea semina ziliona vyumba vikibaki vitupu. Wateja walikuwa wengi, lakini wengi wao walikuwa na mlipaji mmoja. Mlipaji alipobadili mawazo, soko lilibadilika kwa wiki chache.

Majirani nao wana mfano. Hilton ya Nairobi, lile jengo la mviringo lililofunguliwa 1969, ilifungwa mwishoni mwa 2022, na Serikali ya Kenya ilikuwa miongoni mwa wenye hisa. InterContinental ya mji huo huo ilikuwa imetangulia kufunga 2020, mwaka wa janga la korona. Wageni wa biashara walikuwa wameanza kuhamia hoteli mpya za Westlands na Upper Hill. Jengo refu haliwezi kuwafuata.

Hapa kwetu, hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965 katika Barabara ya Kivukoni ilianza ikiwa mali ya umma, ikaja kubeba jina la Kempinski, halafu Hyatt Regency. Ile iliyofunguliwa 1995 kwa jina la Sheraton imekuwa Royal Palm, ikawa Mövenpick, na sasa ni Serena. Mwekezaji mdogo ajifunze hapa kwamba mwenye jengo na mwenye jina mara nyingi ni watu wawili. Mwenye jina hulipwa ada yake kutokana na mapato, hata mwaka ambao mwenye jengo hana faida. Mwenye hisa hungoja mwisho wa foleni. Anayetaka kununua hisa za hoteli, kwa mfano za TPS Eastern Africa, kampuni ya hoteli za Serena iliyoorodheshwa katika soko la Nairobi, asitazame picha ya jengo. Atazame mambo matatu: vyumba vingapi vililaliwa, deni ni la fedha gani, na gawio lilitolewa lini mara ya mwisho.

Tusibebe ghorofa kichwani

Hatari kubwa zaidi kwa Bariadi inaanza pale mgeni anaporudi nyumbani. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa 2012 na Bariadi ikawa makao makuu, fedha nyingi za pamba na maduka zimeingia kwenye gesti na hoteli. Hilo ni jema, maana mji wa mkoa unahitaji malazi. Lakini sasa ndoto ni ghorofa, tena refu, lenye lifti.

Tujiulize kwa nini Posta wanajenga kwenda juu. Ni kwa sababu kiwanja pale ni haba na bei yake ni kubwa mno, hivyo mwenye nacho analazimika kupandisha vyumba juu ya vyumba ili ardhi ilipe. Urefu huo una gharama zake: lifti na fundi wake, pampu za kupandisha maji, jenereta kubwa, nondo na msingi wa kina. Bariadi kiwanja bado kinapatikana. Mwenye eneo anaweza kujenga vyumba 30 vya chini, safi, vyenye maji na maegesho ya malori, bila kununua lifti hata moja. Akijenga ghorofa nane anakuwa ameiga dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Wapo watakaotaja Nanenane. Ni kweli, sherehe za kitaifa zilipofanyika Nyakabindi 2018, 2019 na 2020, wageni walimiminika. Lakini maonyesho ni ya siku chache, na baadaye sherehe hizo zilihamia mikoa mingine. Chumba kisicholaliwa leo hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho kama choroko. Benki nayo inadai marejesho miezi 12, haidai Agosti peke yake.

Wakati huo huo, mteja mkubwa wa hoteli za mji wa mkoa ni yule yule wa semina za serikali na miradi. Yaliyowapata wenzetu wa Dar es Salaam yanaweza kutufika sisi kwa waraka mmoja tu. Na mteja wetu mwingine, mwenye fedha za pamba, hubadilika na bei: shilingi 1,560 kwa kilo mwaka 2022, shilingi 1,060 mwaka 2023.

Kwa hiyo ushauri wa safu hii ni huu. Mwenye mtaji wa malazi aanze na vyumba vichache, akae navyo misimu miwili ya pamba, mmoja mzuri na mmoja mbaya, akiandika kila usiku vingapi vimelaliwa na nani amelipa. Atazame pia Lamadi, ambako barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, maana huko kuna msafiri asiyetegemea semina wala pamba. Daftari likionyesha kwamba watu wanakosa vyumba hata mwezi Februari, hapo aende benki akazungumze habari ya ghorofa.